Tandiko la Simiti

Kwenye mjengo mmoja nje kidogo ya mji wa Sotik nilikalia ndoo iliyopinduliwa, nikamtazama fundi akitandika simiti asubuhi nzima. Anachota mwiko mmoja, anautikisa mara moja ili mzigo ushike, kisha anavuta mkono kuja kwake huku akipindua kifundo. Simiti inateleza na kulala juu ya kozi, urefu wa matofali matatu, bila donge. Nilijaribu. Yangu ilianguka kwenye kiatu.

Halafu ncha ya mwiko inapita katikati na kuacha kijifereji. Hapo ndipo mafundi hugombana. Kikiwa na kina kidogo, simiti hupata pa kusogea tofali linapokandamizwa. Ukikichimba hadi chini, tofali hukalia kingo mbili na katikati panabaki pango. Na katika nchi hii ya chai, mvua ya alasiri italitafuta pango hilo mpaka ilipate. Fundi aliona nakodoa macho. Akang'oa tofali alilotoka kulilaza, akaligeuza: tumbo lote limeshika simiti, pembe hadi pembe.

“Umeona, mzee?”

Hakulirudisha pale pale. Alikwangua tandiko lote, akatandika upya, maana tofali likishanyonya maji ya simiti, hiyo haishiki tena. Matofali ya kuchoma yana kiu mbaya. Ndiyo sababu mtu wa mkono huyaloweka kwenye pipa kwanza, na ndiyo sababu jua likiwa kali fundi hutandika kwa matofali mawili tu. Wingu likitanda, hufika manne.

Tofali likikaa, analigonga kwa mpini, anatazama uzi, anakata simiti iliyotokeza pembeni kwa pigo moja la kwenda juu na kuipaka kichwani mwa tofali linalofuata. Kiungo kinabaki milimita 10 hivi, unene wa kidole. Hakuna kinachodondoka. Ningemlipa kwa hilo tu.

Saa nane upepo ukageuka.

“Fundi, nikoroge ingine?” mtu wa mkono akauliza, karai moja ya simiti na nne za mchanga zikingoja maji.

Fundi alitazama vilima vya chai vilivyoanza kufifia.

“Acha. Tumalize hii, kisha ulete nailoni.”