Rangi Iliyowapumzisha Wapakaji wa Forth

Tangu lifunguliwe Machi 1890, daraja la reli la Forth huko Uskoti lilipakwa rangi juu ya rangi. Mafundi walikwangua kutu palipoonekana, wakapaka, wakahamia kwingine, hadi Waingereza wakalifanya mfano wa kazi isiyokwisha. Kisha kati ya 2002 na Desemba 2011 likapakwa upya kwa mfumo unaotarajiwa kudumu miaka 25 au zaidi. Watu waliisifu rangi. Mimi nayasifu kwanza matayarisho.

Rangi za zamani, zenye madini ya risasi, ziliondolewa zote. Chembe kali zilirushwa kwa hewa ya kompresa mpaka chuma kikabaki kitupu. Kwa kazi ya namna hii, kipimo cha usafi ni kiwango cha Sa 2½ cha ISO 8501-1: pasiwe na mafuta, kutu wala rangi ya zamani, kinachovumiliwa ni vidoadoa hafifu tu. Lakini chuma kinaweza kung'aa na bado kikawa na chumvi isiyoonekana kwa macho. Chumvi hiyo huvuta maji kupitia rangi, malengelenge yakatokea, na kutu ikaendelea chini kwa chini. Ndiyo maana chumvi hupimwa kabla ya mkono wa kwanza wa rangi. Chuma nacho lazima kiwe na joto la angalau nyuzi 3 za Selsiasi juu ya kiwango ambacho umande hutanda. Pale Forth, penye upepo na mvua za bahari, sehemu iliyokuwa ikifanyiwa kazi ilizungushiwa turubai.

Ndipo rangi ikapigwa: praima ya mikroni 35, epoksi yenye vipande vyembamba vya kioo mikroni 400, na poliurethani mikroni 35 ya kukinga jua na kutoa ule wekundu wake. Vipande vya kioo hulala kimoja juu ya kingine kama magamba ya samaki, maji yakalazimika kuzunguka njia ndefu. Teknolojia hii ilitoka kwenye majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini.

Daraja lina ribiti takriban milioni 6.5, na kila ribiti ina ukingo. Rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye ncha kali ikabaki nyembamba, kwa hiyo kingo hupakwa kwa brashi mkono wa ziada. Mkaguzi akipima unene wa rangi katikati ya bamba tu atapata namba nzuri, na kutu itaanzia ukingoni.