Kuzimu si Ahera: Utendi wa Mwindo na Imani za Wamisri wa Kale kuhusu Wafu

Imekuwa desturi kwa baadhi ya wahakiki wa fasihi simulizi kuirudisha kila hadithi ya safari ya kuzimu, popote isimuliwapo barani Afrika, kwenye kingo za mto Nile. Msingi wa desturi hii ni kazi za Cheikh Anta Diop, hasa kitabu chake cha *Nations nègres et culture* (1954), ambacho kilikusudia kuirudishia Afrika heshima iliyonyang'anywa na wanahistoria wa kikoloni. Kusudio hilo lilikuwa jema. Lakini mikononi mwa wafuasi wasio waangalifu, hoja ya Diop imegeuka kuwa namna nyingine ya dharau: hadithi ya kijijini haithaminiwi mpaka ithibitishwe kuwa ni mtoto wa Misri. Makala hii inakusudia kulipima dai hilo kwa kutumia utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale, nchi ya misitu iliyo magharibi ya Masisi katika Kivu ya Kaskazini. Hoja yetu ni kwamba mifanano kati ya utendi huu na imani za Wamisri ipo, bali haigusi kiini. Aidha, msomaji wa Kiswahili hupotoshwa zaidi na neno analolichagua kuyataja makazi ya wafu kuliko na nadharia yoyote ya asili.

Utendi tunaouzungumzia ulisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 katika kijiji cha Bese, kwa muda wa siku 12. Ulichapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Mwaka uliofuata Ruth Finnegan alitilia shaka kuwapo kwa tendi katika Afrika kusini ya Sahara, na Isidore Okpewho alipomjibu mwaka 1979, Mwindo alikuwa miongoni mwa mashahidi wake wakuu. Kwa hiyo kazi hii iliingia vyuoni kwanza kama ushahidi katika mabishano ya wataalamu. Huenda ndiyo sababu imani zilizomo ndani yake zimesomwa kwa haraka mno.

Tuanze na Misri. Mmisri mwenye uwezo alipofariki, maiti yake ilishughulikiwa kwa siku 70: viungo vya ndani vilitolewa na kuwekwa katika mitungi minne, mwili ukakaushwa kwa magadi na kufungwa sanda za kitani. Moyo uliachwa mahali pake, kwa kuwa ungehitajika mbele ya hukumu. Huko chini moyo uliwekwa kwenye mizani ukapimwa na unyoya wa Maat, yaani haki na mpango wa ulimwengu. Anubis alisimamia mizani, Thoth aliandika, na moyo uliozidi uzito uliliwa na mnyama Ammit. Marehemu alijitetea kwa kuzikana dhambi zake mbele ya waamuzi 42. Aliyeshinda aliingia katika ufalme wa Osiris, ambako alihitaji chakula, pombe na watumishi. Ndiyo maana kaburi lilijazwa sadaka pamoja na vinyago vidogo ambavyo vingeitika badala ya marehemu pale ambapo angeitwa kwenda kulima.

Sasa tumtazame Mwindo. Baba yake, Shemwindo, mtawala wa Tubondo, alipiga marufuku wake zake wasimzalie mtoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa, baba alimrushia mikuki, ikashindwa. Akaamuru achimbiwe kaburi azikwe hai, naye akatoka usiku. Mwishowe alifungiwa ndani ya ngoma akatupwa mtoni. Mwindo aliokoka, akaenda kwa shangazi yake Iyangura, kisha akarudi kupambana na baba. Shemwindo alikimbia, akang'oa mmea uitwao *kikoka* na kuingia chini ya ardhi penye shina lake. Mwana akamfuata kwa njia hiyo hiyo.

Mtetezi wa nadharia ya Misri hapa hupata mavuno mengi. Osiris, kama Plutarch alivyosimulia, alifungiwa ndani ya sanduku na ndugu yake Seth akatupwa katika Nile, na Mwindo naye alifungiwa katika ngoma akatupwa mtoni. Vinyago vya Misri vililima badala ya mwenyewe, na Mwindo, alipoagizwa na Muisa wa kuzimu aoteshe shamba la migomba kwa siku moja, aliviweka chini vyombo vyake vya kufyekea vikafanya kazi vyenyewe. Marehemu wa Misri alijaribiwa, na Mwindo pia alijaribiwa. Ukiishia hapo, kesi imekwisha.

Lakini tusiishie hapo. Kwanza, Mwindo hakufa ndipo akaenda kuzimu. Aliingia akiwa hai, akimtafuta mtu aliye hai. Kaburi lake lilikuwa Tubondo, wala halikuwa mlango wa kuzimu. Katika utendi huu kaburi na kuzimu ni mahali pawili tofauti: kaburini mtu hutiwa na wenzake, kuzimu mtu huenda kwa miguu yake. Kwa Mmisri kaburi ndilo nyumba na ndilo njia. Katika simulizi la Rureke kaburi la mtoto ni jinai. Vigogo vya mgomba vinafunikwa juu yake na udongo unarudishwa, bila kifo, bila kilio, bila matanga. Msikilizaji anaonyeshwa mazishi yaliyoporwa maana yake na mtawala mwenye hofu. Kuliita tukio hilo mabaki ya ibada ya Osiris ni kulinyima uzito wa maadili lililo nao.

Pili, tuangalie chakula. Mmisri alizikwa na chakula kwa sababu wafu hula, na walio hai wana wajibu wa kuwalisha. Mwindo, kinyume chake, alionywa na Kahindo, msichana wa kwa Muisa mwenye maradhi ya buba, kwamba akipewa kiti akikatae, akipewa pombe aikatae, akipewa ugali aukatae, na kila mara atoe sababu ya heshima, kama mtoto asemavyo mbele ya baba. Haya ni mafunzo ya adabu. Kuzimu kwa Muisa ni boma lenye mwenyeji, meko na ukarimu wa hila, na anayenusurika ni yule ajuaye kusalimu na kukataa bila kutukana. Mmisri alishuka na maandishi ya kumwelekeza la kusema. Mwindo alifundishwa na mgonjwa aliyekutana naye njiani, naye akamwosha na kumponya.

Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kuzimu kwa Mwindo hakuna hukumu. Muisa hapimi moyo wa mtu. Yeye hutoa kazi ngumu na kutuma mshipi wake ukampige mgeni. Sheburungu, ambaye Mwindo alimkuta mbele zaidi, alicheza naye mchezo wa bahati, akashindwa, akamtoa Shemwindo. Hukumu yenyewe ilingoja mpaka baba na mwana waliporudi juu. Huko Tubondo watu walikusanyika barazani, waliouawa vitani wakiwa wamefufuliwa. Shemwindo aliungama kosa lake hadharani, Iyangura alimkemea ndugu yake, na Mwindo akatawazwa baba yake angali hai. Mizani ya Wanyanga basi imewekwa katikati ya kijiji, nao wapimaji ni jamaa wenyewe. Mmisri alimwachia Osiris kazi hiyo. Ukiwafanya hawa wawili kuwa kitu kimoja, utakuwa umelifuta jambo ambalo utendi mzima unalijenga: kwamba kosa la baba kwa mwana halina budi kusemwa na kusamehewa mbele ya watu, wahusika wangali wanapumua.

Hapa ndipo suala la Kiswahili linapojitokeza. Mfasiri wa simulizi hili akiandika "ahera", ameshaamua. Neno hilo limetoka katika Kiarabu na linabeba siku ya mwisho, hesabu ya matendo, thawabu na adhabu. Kwa imani ya Wamisri neno hilo lingevumilika, maana nao walikuwa na hesabu yao. Kwa Muisa halifai kabisa. "Kuzimu" ni neno la Kibantu lenye mzizi mmoja na *mzimu*, na maana yake ya awali ni mahali pa mizimu tu, bila kutaja kosa wala malipo. Ni kweli kwamba tafsiri za Biblia zimelitwika neno hili maana mpya, na msomaji wa leo husikia ndani yake mwangwi wa mahubiri. Hata hivyo mzizi wake bado unaonekana. Vivyo hivyo tuwe waangalifu na Nyamurairi, mwenye moto wa chini katika imani za Wanyanga, ambaye jina lake linatukumbusha mlima Nyamulagira. Tukimpa jina la shetani kwa sababu ya moto huo, tutakuwa tumeisahau nchi yenyewe. Katika Virunga, ambako Nyiragongo ulitapika moto mwaka 1977, 2002 na 2021, moto wa chini ya ardhi hauhitaji kuwa mfano wa adhabu. Upo, na watu wameuona.

Msomaji aweza kuuliza kama tofauti hizi zina faida nje ya darasa. Tunaamini zinayo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, na katika Masisi na Walikale ndicho kinachokutanisha Mnyanga, Mhunde, Mtembo na Mnyarwanda. Tangu mauaji ya Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, na vita vilivyoenea Masisi baada yake, watu wengi wa huko wamewazika ndugu zao mbali na vijiji vyao, na wengine hawakupata nafasi ya kuzika. Mwanafunzi atokaye katika nchi hiyo akifundishwa kwamba Mwindo ni kivuli cha Osiris, atajifunza kwamba haki hutendeka huko waendako wafu. Akiusoma utendi wenyewe kwa makini, ataona kwamba kwa Rureke haki hutendeka barazani.

Kuna kitu kimoja ambacho hakina mwenzake katika mfanano wowote tulioutaja. Kabla ya kushuka, Mwindo alimwachia Iyangura ncha ya kamba, akamwambia aishike: ikitulia bila kutikisika, ajue kwamba amekufa. Muisa alipompiga Mwindo, kamba ilitulia na shangazi akalia. Alipozinduka, ikatikisika tena. Mmisri alimwekea mfu wake chakula, maandishi na vinyago, kisha akaufunga mlango. Iyangura hakuiachia kamba.