Moto Mzuri Huonekana Juu ya Paa

Ukitaka kujua kama mwenye nyumba anaujua moto, usianzie sebuleni. Simama uani utazame dohani. Moto ukishawaka kwa dakika kama ishirini, dohani ya nyumba yenye moto mzuri haitoi karibu chochote: hewa inatetemeka kwa joto juu ya tofali la mwisho, basi. Ukiona moshi mweupe mzito unaotoka kwa uvivu na kushukia kwenye mabati, kuni ni mbichi. Ukiona moshi uliokoza, wa kijivu au mweusi, moto umenyimwa hewa au umeshindiliwa kuni. Wageni wengi huusifu moto kwa urefu wa ndimi zake. Mimi nausifu kwa moshi uliokosekana, kwa sababu moshi ni sehemu ya kuni iliyopaa bila kuungua. Ni joto ulilolinunua likakupita, na kiasi chake kinaganda ndani ya dohani kikingoja siku ya kuwaka.

Nayaandika haya nikizifikiria nyumba za nyanda za juu: Njombe na Makete, mashamba ya chai ya Mufindi, Lushoto, na ng'ambo ya mpaka Limuru na Kericho. Huko meko ya ukutani si pambo. Kuanzia Juni hadi Agosti jioni inauma, na familia nzima husogea upande mmoja wa sebule. Kazi ya kukoka moto huonekana ndogo kwa kuwa wengi wetu tumekulia kwenye mafiga. Lakini moshi wa mafiga una mlango, dirisha na upenyo wa paa. Moshi wa meko ya sebuleni una njia moja tu, na njia hiyo ikikosea, mnaoumia ni nyinyi mliokaa ndani.

Ubora huanzia kwenye kuni, tena mwaka mmoja kabla ya kiberiti. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, na maji hayo lazima yageuke mvuke kabla ukuni haujatoa joto la maana. Kuni zinazofaa ni zile ambazo unyevu wake umeshuka chini ya asilimia 20. Vipo vipimo vya kuchomeka kwenye ukuni vikakupa namba, ila mkono uliozoea hauvihitaji. Nyanyua ukuni: uliokauka ni mwepesi kuliko macho yanavyokuambia. Geuza kichwa chake: uwe na nyufa zinazotoka kwenye kiini kuelekea kwenye ganda, na ganda lenyewe libanduke kwa kidole. Gonganisha kuni mbili. Kavu hulia kwa mlio mkali, wa wazi. Mbichi hutoa mdundo mzito usioenda popote. Ukisubiri moto ndio ukuambie, utauona ukuni ukitoa povu kichwani na kuchemka kwa sauti, na hapo umechelewa.

Muuzaji atakuambia ni kavu. Muulize zilikatwa lini na zilipasuliwa lini, maana gogo zima laweza kukaa miezi na miezi likakauka nje tu. Kwa nyanda za juu kusini, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, ushauri wangu ni huu: nunua Mei, pasua, panga juu ya magogo ili kuni zisiguse udongo, ezeka juu tu na uache pande zote wazi. Zipitie kiangazi kizima, zikae kwenye kibanda masika yote, uziwashe Juni ya mwaka unaofuata. Anayefunika rundo lote kwa turubai mpaka chini anajifugia ukungu.

Miti nayo haifanani. Wa kwanza kwangu ni muwati. Ulitoka Australia, na Njombe umestawi kiasi cha kuwa na kiwanda chake, cha kampuni ya Tanganyika Wattle, kinachokamua magamba kupata tanini ya kusindikia ngozi. Gogo linaloachwa nyuma limekwisha kubanduliwa ganda, kwa hiyo hukauka upesi. Ni zito, huwaka kwa utulivu na kuacha makaa mekundu yanayodumu. Mlingoti, yaani mkaratusi, unaufuata kwa karibu, lakini upasuliwe ungali mbichi. Ukiuacha ukauke mzima, shoka litadunda. Paini ni mwepesi na una utomvu: unawaka mara moja na kwisha mara moja, kwa hiyo mahali pake ni pa kuwashia. Mwerezi na msaiprasi vina harufu nzuri, ila hupasuka na kurusha cheche mbali, na asiye na wavu wa chuma mbele ya meko asiviweke kabisa.

Kuna vitu visivyostahili kuingia ndani hata siku moja. Mnyaa wa uzioni, kwa kuwa utomvu wake mweupe huunguza macho. Mbao zilizopakwa rangi. Na zaidi ya yote vipande vya nguzo na mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, ambazo Iringa na Njombe hazikosekani pembeni mwa barabara na kwenye maeneo ya ujenzi. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki. Ukizichoma, sumu inakwenda kwenye moshi na nyingine inabaki kwenye majivu.

Meko yenyewe yanaweza kuhukumiwa kabla hayajawashwa. Mwaka 1796 Benjamin Thompson, aliyejulikana zaidi kwa cheo chake cha Count Rumford, alichapisha insha iliyobadilisha meko ya London: alipunguza kina, akayalaza mapaja ya pembeni yafunguke kuelekea chumbani, na akalibana koo la dohani. Joto la moto wa wazi hukufikia kwa kumulika, si kwa kupasha hewa. Meko ya kina kirefu yenye kuta zilizosimama wima humulika matofali yake yenyewe. Kwa hiyo ukiingia nyumba usiyoijua, tazama kina na mapaja. Kisha inama utazame juu: uwazi wa ndani wa dohani uwe na eneo lisilopungua takriban sehemu moja ya kumi ya mdomo wa meko, au moshi utarudi. Kileleni, dohani ipande angalau sentimita 90 juu ya pale inapotokea paani, na ipite kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu. Kwenye mwinuko wa Njombe hewa ni nyepesi kuliko ya pwani na mvuto wa dohani hupungua, hivyo fundi aliyenakili ramani ya mahali pa chini bila kurefusha amemwachia mteja wake moshi.

Lushoto yupo mzee mmoja, mtunza moto wa nyumba ya wageni, ambaye kila nikipata nafasi huwa naketi kumtazama. Hupiga magoti, akafungua kilango cha chuma kwenye koo la dohani, akaingiza kiganja humo na kukiacha kitambo. Anaisikiliza hewa kwa ngozi. Jioni za baridi dohani hujaa hewa nzito inayoshuka, na kuwasha moto chini yake ni kuuita moshi chumbani. Hapo hufungua dirisha kidogo ili moto upate pa kuvutia hewa. Kisha hupanga: magogo mawili matatu yaliyopasuliwa chini, yakipishana kwa nafasi ya vidole viwili; juu yake kuni za unene wa kifundo cha mkono, zikikatiza; juu yake vibanzi vya paini vya unene wa kidole; na juu kabisa magunzi makavu na karatasi chache. Mwisho husokota gazeti, akaliwasha na kulishika juu karibu na koo. Moshi wake wa kwanza humrudia usoni, halafu ghafla hugeuka na kufyonzwa juu. Hapo ndipo anapowasha, na huwasha kileleni mwa kuni.

Wengi wetu tumezoea kuwasha kutoka chini. Lakini ukuni ukipata joto hutoa gesi kabla haujawa kaa, na gesi hizo ndizo zinazofanya ndimi. Moto ukiwa juu, gesi za kuni za chini hulazimika kupita ndani ya ndimi na kuungua. Ukiwa chini, zinapaa zikiwa bado baridi, na huo ndio moshi mzito wa mwanzo. Nilipomuuliza mzee yule kwa nini hauchochei moto, alijibu, “Uache ushuke wenyewe, mwanangu. Ukiuharakisha utakufukiza.”

Anayemwaga mafuta ya taa hana kuni kavu, na pengine hana subira. Mafuta yakigusa makaa ya moto hugeuka mvuke unaolipuka na kuifuata chupa hadi mkononi, na petroli ni mbaya zaidi maana mvuke wake hutambaa chumbani hata kabla ya kiberiti. Nyumba ya wageni ambayo sebule yake inanuka mafuta ya taa, mimi nauliza kama kuna blanketi la ziada.

Moto ukishashika, kuutunza ni kujizuia. Ndimi nzuri ni za njano angavu, zenye haraka. Zikififia na kuwa za rangi ya chungwa iliyochafuka, ongeza hewa kabla ya kuongeza kuni. Ongeza ukuni mmoja, juu ya makaa mekundu, kabla ndimi hazijafa. Gogo moja peke yake huzimika. Mawili au matatu yaliyokaribiana hupashana joto na kuendelea. Anayechokoachokoa kila dakika anaupoza tu. Viti, mapazia na nguo zinazoanikwa vikae mbali, mita moja au zaidi, na wavu urudishwe kila baada ya kutia kuni.

Kinachonitia hofu kuliko cheche ni saa ya kulala. Mtu huona makaa yamebaki, hataki joto lipotee, akafunga kilango cha dohani. Mwingine huyachota kwenye karai akayapeleka chumbani kwa watoto. Makaa yasiyo na ndimi hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi yupo asiyeamka. Kilango kibaki wazi hadi meko yapoe kabisa. Mkiwa wawili au watatu sebuleni mkaumwa kichwa kwa pamoja na kusikia kichefuchefu, msianze kutafuta malaria: fungueni milango, tokeni nje.

Dohani isafishwe kila mwaka kabla ya baridi. Masizi makavu ya unga yanafutika kwa brashi. Utando mweusi unaong'aa kama lami ni ushahidi wa kuni mbichi na moto uliobanwa, na huo ndio unaoshika moto. Ukisikia mngurumo mzito ndani ya dohani, usimwage maji, kwa kuwa matofali yenye joto hupasuka. Toeni watu, pigieni zimamoto; kwa Tanzania ni 114.

Asubuhi kuna hukumu moja zaidi. Majivu mepesi, meupe, yasiyo na vipande vyeusi yanaonyesha kuni iliyoungua yote. Acha meko yabaki na tabaka la sentimita mbili hivi, kwa kuwa huhifadhi makaa ya moto ujao. Mengine yatie kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, uiweke nje, mbali na ukuta na mbali na rundo la kuni. Makaa yaliyofukiwa yanaweza kuishi siku kadhaa. Yakishapoa yapeleke kwenye kabichi na vitunguu, kwa kiasi. Usiyatie kwenye chai, inayopenda udongo wenye asidi, wala kwenye viazi mviringo, ambavyo udongo ukipungua asidi hushikwa na ukoko wa ganda kwa urahisi zaidi.