Kushika Mkia

Shuleni kwetu Pangani neno hilo lilikuwa fimbo. Matokeo yakibandikwa ukutani, aliyeshika mkia alirudi nyumbani kwa vichochoro ili asionwe. Nimelichukia neno hilo miaka mingi, hadi Jumamosi moja ya Desemba katika pwani ya Northumberland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, nilipomwona mtu akiushika mkia kama seremala ashikavyo randa.

Tulikuwa watano, wote wakazi wa Newcastle. Kila mwaka baridi ikikolea tunakimbia kutoka Craster hadi Bamburgh, kilomita 22 hivi, tukitua kwenye baa za vijiji vitatu: Low Newton, Beadnell na Seahouses. Wengine hunywa bia nusu glasi, wengine chai au supu. Mkia huwa ni wa Dada, muuguzi aliyekulia Bujumbura. Miguu anayo, na pumzi anayo. Angetaka, angetuacha sote tangu Craster.

Kazi yangu mimi ni maji. Baba mdogo alinifundisha kwamba mwezi ukiandama ni bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi, kisha kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Hesabu hiyo ya Pangani, nashukuru, haiko mbali na ya bahari hii ya huku. Mwezi ulikuwa na siku tano, kwa hiyo nikakisia kwamba maji yamejaa saa mbili asubuhi na yatakupwa hadi saa nane mchana. Jedwali la maji likaafiki. Tukaondoka saa nne, ili kila ufuo tuukute mchanga wake ungali na unyevu, mgumu, usiomeza mguu.

Craster inanukia moshi wa mwaloni, maana ndiko wanakokausha heringi. Kutoka hapo ni nyasi na kondoo kwa kilomita mbili hadi magofu ya ngome ya Dunstanburgh, aliyoanza kuijenga Thomas wa Lancaster mwaka 1313. Miaka tisa baadaye alikatwa kichwa kwa kumwasi mfalme, na ngome imebaki na upepo wake. Ukiipita, unateremkia ghuba ya Embleton.

Hapo ndipo mgeni wetu alipoanza kulemewa. Alikuwa kijana wa Mombasa, mwanafunzi, na hiyo ndiyo baridi yake ya kwanza. Mkono ulimwenda kiunoni. Nilikuwa hatua chache mbele yake na Dada, nikageuka mara kwa mara, na nilichokiona sijakisahau.

Dada hakukaa nyuma yake. Kishindo cha miguu nyuma yako kinakusukuma, hata kama mwenye miguu hana nia hiyo. Alikaa ubavuni, begani kwake upande wa bahari, upepo ukampiga yeye kwanza. Kisha akamuuliza jambo lenye jibu refu: bibi yake hupikaje wali wa nazi? Kijana akaanza na kukuna nazi, akafika kwenye tui la kwanza, sentensi ikamkatikia njiani. Kabla hajaona haya, Dada alikwisha kuinama kufunga kamba ya kiatu. Niliona fundo lile. Halikuwa limelegea. Aliposimama, kijana alikuwa amepata pumzi, na tui la pili likaendelea.

Najua wengi huita huo upole tu. Mimi nasema ni ufundi, kwa sababu upole bila ufundi ungemwambia kijana "pole" kila baada ya hatua kumi, naye angejiona mzigo.

Low Newton ina nyumba nyeupe pande tatu za uwanja wa nyasi, na upande wa nne ni bahari. Baa, The Ship Inn, imo kwenye safu ya nyumba hizo. Tuna sheria moja: anayeingia wa mwisho ndiye anayekalia kiti cha karibu na moto. Hatua tatu kabla ya mlango, Dada alichapuka akampita kijana. Kwa hiyo kiti kikawa cha kijana, kwa haki, bila kuhurumiwa na mtu. Dada akamkumbusha abadili fulana iliyolowa jasho kabla ya kukaa, maana jasho likipoa mwilini ni baridi juu ya baridi. Dakika 20, kisha akasema, "Haya, twendeni," na yeye ndiye aliyebaki nyuma kukagua kama kuna glavu iliyosahaulika chini ya meza.

Beadnell tulikula haraka. Seahouses tulikaa kidogo zaidi, kwa kuwa kutoka bandarini visiwa vya Farne vilionekana vizuri. Huko nje, kwenye mnara wa taa wa Longstone, ndiko alikoishi Grace Darling. Tarehe 7 Septemba 1838, akiwa na miaka 22, alipiga makasia pamoja na baba yake kuwafuata manusura wa meli ya Forfarshire. Watu husifu kule kwenda kwao katika dhoruba. Mimi humfikiria baba alipokwisha kurukia mwambani, binti akabaki peke yake na makasia mawili, akiizuia mashua isipondwe na mawe wala isichukuliwe na mkondo, mahali pamoja, hadi watu wapande.

Kilomita tano za mwisho, magoti yangu yalinigomea. Ngome ya Bamburgh ilikuwa mbele, jua limeshalala juu ya vilima, mchanga mpana na mtupu. Wenzangu wakasogea mbele, nami nikaacha kuwatazama. Punde nikasikia upepo umepungua sikio la kulia. Kijana wa Mombasa alikuwa begani kwangu, upande wa bahari.

"Kaka," alisema, "hebu nieleze tena ile hesabu ya mwezi na maji."

Nikaanza na mwezi kuandama.