Mwuza Unga na Mla Unga: Usawiri wa Athari za Dawa za Kulevya katika Bunilizi Mbili

Uhakiki wa kazi za Kiswahili zinazoshughulikia dawa za kulevya aghalabu huishia kwenye orodha ya athari: kifungo, kifo, maradhi, kuvunjika kwa familia. Orodha hiyo si ya uongo, lakini haiulizi swali la msingi la kifani, yaani athari hizo zinaonekana kwa macho ya nani. Makala haya yanadai kwamba katika hadithi fupi "Mkubwa" ya Ali Mwalimu Rashid, iliyomo katika diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), na katika riwaya ya Assumpta Matei, Chozi la Heri (2017), mwuza unga amepewa jina, historia na dhamiri, ilhali mla unga amebaki bila sauti.

Nguvu ya "Mkubwa" iko katika ujasiri wake wa kisiasa. Mhusika mkuu anautafuta uongozi ili uwe ngao ya biashara haramu, na katika njia hiyo kielelezo chake ni Ngwengwe, tajiri anayelindwa na hadhi yake. Kwa hiyo chanzo cha maangamizi kinatafutwa mahali pake, katika ndoa ya mamlaka na magendo. Lakini waathiriwa je? Wanatokea kwa kundi. Mkumbukwa, mwandani wa Mkubwa, anapotiwa kizuizini anakabiliana na vijana walioharibiwa na unga, na mateso yao yanamshtua. Ni tukio zito. Hata hivyo, kazi yake katika msuko ni kuamsha dhamiri ya mchuuzi. Mateso ya vijana yanakuwa kioo anachojitazamia mtu mwingine, na kioo hakina historia.

Katika Chozi la Heri hali ni tofauti kidogo. Dick anaibwa na Sauna angali mtoto, kisha anaingizwa kwa vitisho katika uchuuzi wa dawa za kulevya. Hapa Matei anaufuta ule mpaka rahisi baina ya mkosaji na mkosewa: Dick ni vyote viwili. Uteuzi wa majina nao una maana. Mnunuzi wa watoto anaitwa Bi. Kangara, na kangara ni kile kichachu kinachotoneshwa kupata chang'aa; biashara ya watoto na biashara ya ulevi zimefumbatwa katika jina moja. Lakini Dick anapojinasua, anaanzisha biashara halali na kukutana tena na dadake Umulkheri. Wokovu wake unakamilika bila ya riwaya kuwafuata wale ambao shehena zake ziliwafikia. Mzigo umesafiri, mbebaji amesalimika, mlaji hakuulizwa.

Yamkini pakadaiwa kwamba hadithi fupi haina nafasi ya kubeba yote, na kwamba riwaya yenye maudhui mengi haina budi kuchagua. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed alikuwa tayari ameonyesha njia nyingine. Msomaji anamjua Maimuna kabla hajaonja pombe. Anaujua ukali wa Maksuudi na maisha ya kufungiwa ndani. Ulevi unapomnasa, haumo katika hadithi kama funzo lililobandikwa, bali unatokana na maisha yaliyotangulia. Kwa sababu hiyo msomaji anaweza kumlaumu na kumhurumia kwa pamoja.

Pengo hili ni la lugha pia. Wazungumzaji wa pwani wameunda msamiati wao kuhusu janga hili: unga, teja, arosto. Neno arosto peke yake limebeba maumivu ya mifupa, jasho, kutapika na hofu ya mtu aliyekosa dozi. Ni neno linalotoka ndani ya mwili wa mlaji. Ibara rasmi "athari za dawa za kulevya", kwa upande wake, ni ya mtu aliyesimama kando. Mwandishi atakayemwingia teja kwa lugha ya teja mwenyewe atakuwa amefanya zaidi ya kuonya.

Suala hili si la kifani tu. Sheria ya Kenya ya 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya iliweka adhabu kwa wauzaji na kwa watumiaji vilevile. Matibabu ya methadoni yalianza katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na mwaka uliofuata yakafika Malindi. Kwa njia hiyo, teja aliyezoeleka kama mhalifu alianza kutambuliwa kama mgonjwa. Bunilizi hizi mbili zilichapishwa baada ya mabadiliko hayo, lakini ndani yake aliyepewa nafasi ya kutubu na kuanza upya ni mchuuzi. Fasihi inayomwonea huruma mwuzaji kabla ya kumsikiliza mlaji haijamaliza kazi yake, hata iwe na nia njema kiasi gani.