Nunda Mla Watu: Ubora na Udhaifu wa Ngano ya Dubwana

Katika kipindi cha fasihi simulizi, mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu hapa Nakuru alidai kwamba ngano ya Nunda Mla Watu ni "King Kong" ya Waswahili. Wenzake walicheka, lakini kauli hiyo inastahili kuchunguzwa. Je, ngano hii inafaulu kama kisa cha dubwana na mapambano?

Edward Steere aliichapisha mwaka wa 1870 katika mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Sultani Majinuni ana paka anayekula mifugo, kisha watu. Raia wanapolalamika, Sultani hujibu kwamba paka ni wake na walioliwa ni wake pia. Anazinduka paka anapowala wanawe mwenyewe. Ndipo anapokiri kuwa huyu si paka tena, ni Nunda.

Hapa ndipo penye ubora mkuu wa ngano. Katika filamu ya "King Kong" ya 1933, na ile ya Peter Jackson ya 2005, sokwe huletwa kutoka kisiwa cha mbali akiwa tayari ni jitu. Nunda hakutoka ng'ambo. Alilelewa nyumbani mwa mtawala, akakuzwa na kiburi chake. Hiki ni kinaya kikali.

Ubora wa pili ni takriri. Kitindamimba wa Sultani anawinda, akianza na mbwa hadi pundamilia, twiga, kifaru na ndovu. Kila aletapo windo, mamaye humwimbia kwamba huyo siye Nunda. Taharuki hupanda ngazi kwa ngazi, nayo hadhira hupata nafasi ya kuitikia wimbo.

Hata hivyo, ngano ina udhaifu. Kwanza, sehemu ya mwanzo, ya mtende na ndege mwizi wa tende, ni kama hadithi nyingine. Pili, kilele ni hafifu: Nunda anapigwa bunduki akiwa usingizini, na wawindaji wanatimua mbio. Mpenzi wa filamu atahisi amepunjwa. Tatu, na hili ndilo zito, mwisho ni shangwe tupu. Sultani haulizwi lolote kuhusu raia walioliwa.

Watahiniwa wengi huandika kwamba funzo la ngano hii ni ujasiri, wakaishia hapo. Jibu hilo si kosa, ila linamsamehe Sultani pamoja na msimulizi. Mimi nilikuwa mwanafunzi Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru. Tangu hapo siwezi kusoma kisa hiki kama cha mnyama tu. Chuki nayo huanza ikiwa paka.

Basi mwalimu, baada ya kuuliza ni nani aliyemuua Nunda, uliza pia: ni nani aliyemfuga?