Mcheza Ugenini: Juu ya Uchaguzi wa Nyimbo za Dansi

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii hutajwa sana panapozungumzwa habari za ngoma, lakini ni wachache waulizao swali lililofichama ndani yake: je, achezaye ugenini atuzwe kwa lipi? Swali hili huwakabili wanamuziki wa dansi kila waondokapo Dar es Salaam kwenda bara, nasi twaweza kulitazama vema tukiwafuata hadi Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Huko Kiswahili ni lugha ya wote, lakini kwa wengi si lugha ya utotoni. Wairaqw wana lugha ya jamii ya Kikushi, Wadatoga wana lugha ya jamii ya Kiniloti, Wanyaturu ni Wabantu, na Wahadza wa bonde la Yaeda wana lugha isiyo na ndugu ajulikanaye. Bendi ipandayo jukwaani Katesh haina budi kujiuliza ni wimbo upi utakaowakusanya watu hawa wote, na upi utakaowaacha wakitazama tu.

Zamani radio iliwapunguzia wanamuziki kazi hiyo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Radio Tanzania ndiyo iliyokuwa sauti ya nchi nzima upande wa Bara. Nyimbo za NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na za Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, ziliwafikia wakulima wa Mbulu kwa mawimbi yale yale yaliyowafikia watu wa Kariakoo. Bendi ilipofika ugenini ilikuta nyimbo zake zimekwisha kutangulia. Leo vituo vya radio ni vingi, na vijana wana nyimbo zao wenyewe. Wanaoukumbuka wimbo fulani na wasioupata kuusikia husimama bega kwa bega katika ukumbi mmoja.

Yafaa pia tukumbuke umbo la wimbo wenyewe. Wimbo wa dansi la Kitanzania mara nyingi una sehemu mbili. Ya kwanza huenda polepole, na humo mwimbaji hutoa kisa au nasaha yake. Ya pili ni chemko, ambapo magitaa na tarumbeta hushika hatamu na watu hucheza. Sehemu ya kwanza hudai msikilizaji wa maneno, na ya pili hudai miguu. Basi kiongozi wa bendi apangapo nyimbo za usiku mmoja, hapangi majina tu, bali hupima ni muda gani watu watakubali kusikiliza kabla ya kutaka kucheza, na ni muda gani watacheza kabla ya kutamani tena neno la maana. Mpango huo ni utungo, ingawa haukuandikwa popote.

Hapa ndipo sisi wahakiki tulipokosea. Tumezoea kuuchukua wimbo mmoja mmoja, tukauandika karatasini, tukahesabu tamathali zake kama tufanyavyo kwa shairi la kitabuni. Hatuulizi ulitanguliwa na upi, wala ulifuatwa na upi, wala nani aliuitikia. Mzee wa Kiiraqw angetushangaa. Wairaqw wana sala ya kishairi iitwayo slufay: mzee mmoja hutangulia kwa maneno ya kuomba amani, mvua, uzazi na afya, na waliokusanyika humwitikia. Semi zake nyingi ni za urithi, nao wote wazijua. Ustadi wa mzee uko katika kuzipanga na kuzitamka hata sauti za watu ziungane na yake. Pasipo kuitikiwa, slufay haijatimia. Slufay si dansi, wala sisemi kwamba bendi iige sala. Nasema kwamba watu wa huko wanacho tayari kipimo cha sanaa isemwayo mbele za watu, na kipimo hicho ni mwitikio.

Kwa kipimo hicho twaweza kuona makosa mawili. La kwanza ni la bendi ijayo na orodha iliyofungwa Dar es Salaam, ikaipiga yote bila kuinua macho. La pili ni la bendi imtiiyo kila mwenye noti mkononi. Tuzo ni desturi njema, lakini tajiri mmoja akiamuru wimbo baada ya wimbo, mwitikio wa wengi humezwa na sauti ya mmoja. Bendi ya kwanza haisikii mtu, na ya pili yamsikia mtu mmoja tu.

Jambo hili si la starehe peke yake. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, matope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaikumba Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tangu siku hiyo, bendi yoyote ipigayo chini ya mlima ule hupiga mbele ya watu waliozika. Wimbo wa msiba wa mtu mmoja, uliotungwa mbali miaka mingi iliyopita, waweza kuwa hapo wimbo wa mji mzima. Na chemko lililopigwa kabla ya wakati wake laweza kuwa tusi. Maneno ya wimbo hayakubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni mahali pake.

Kwa hiyo atakayehakiki nyimbo za dansi aziache kidogo karatasi zake, akakae ukumbini tangu wimbo wa kwanza hata wa mwisho, naye aandike mpango mzima pamoja na mwitikio wake. Akifanya hivyo ataona kwamba mcheza ugenini naye hutuzwa, iwapo amejua kwanza yuko kwa nani.